Gari Lenye Deni la Mtu Mwingine

Hapa Nakuru, mtu akitaka kununua gari ambalo limekwisha kutumika nchini, jambo la kwanza analoshauriwa ni kuagiza taarifa ya rekodi za gari hilo kutoka Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, kwa ada ambayo tulipoilipa sisi ilikuwa shilingi 550. Taarifa hiyo huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, namba ya chesisi, namba ya injini na maelezo mengine ya gari. Jina likilingana na kitambulisho cha muuzaji, wengi huona kwamba uchunguzi umekamilika na kilichobaki ni kupatana bei. Mimi na mdogo wangu tuliagiza taarifa hiyo mwaka 2022, ikaja safi, jina likalingana herufi kwa herufi, na bado gari letu likaja kuchukuliwa na dalali wa minada kwa deni ambalo hatukuwahi kulisikia. Rekodi ya usajili hujibu swali moja tu, yaani gari limeandikwa kwa jina la nani. Swali la nani mwingine ana haki juu ya gari hilo hujibiwa mahali pengine, na ni wanunuzi wachache mno wanaopajua.

Mdogo wangu hununua viazi na kabeji Molo na Elburgon na kuzisambaza kwa mahoteli na vibanda vya mjini. Kwa miaka mingi alikuwa akikodi magari ya watu, na faida kubwa ikiishia kwa wenye magari. Tuliamua kuunganisha akiba yake na mkopo niliochukua katika SACCO yetu ya walimu, yaani chama cha akiba na mikopo, ili apate gari dogo la mizigo aina ya Probox, lake mwenyewe. Kuagiza gari kutoka Japani kulikuwa nje ya uwezo wetu, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na ushuru juu ya magari hayo yasiyozeeka sana ni mzito. Kwa hiyo tukatafuta lililokwisha kusajiliwa hapa.

Muuzaji tuliyempata alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu, aliyeniita mwalimu tangu siku ya kwanza. Alisema anauza kwa sababu mtoto wake ameitwa chuo kikuu na karo haijatimia. Bei aliyotaja ilikuwa chini kidogo ya bei ya soko, ila si kwa kiasi cha kumshtua mtu. Logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, aliyotuonyesha ilikuwa mpya, na akaeleza bila kuulizwa kwamba ya kwanza ilipotea alipohama nyumba, ndipo akaandikisha polisi, akapata abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha upotevu, akaombea nakala mbadala. Ufunguo ulikuwa mmoja. Wa pili, alisema, ulipotea katika kuhama huko huko. Fundi wetu alikagua injini, gia na sehemu za chini akaridhika. Tukaandikiana mkataba mbele ya wakili, tukalipa kupitia benki, umiliki ukahamishwa katika mtandao, na baada ya muda logibuku ikatoka kwa jina la mdogo wangu. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake.

Dalili ya kwanza ilijitokeza redio ilipokufa. Fundi wa umeme alifungua dashibodi, akaingiza mkono nyuma ya redio, akatoa kijisanduku cheusi chenye ukubwa wa kiberiti, kimefungwa kwa utepe mweusi, nyaya zake mbili zimechomekwa katika waya wa umeme ambao haukatiki hata gari likizimwa. Taa ndogo ya kijani ilikuwa ikiwaka na kuzima. Ilikuwa traka, kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Tulipompigia muuzaji, alijibu kwa utulivu kwamba aliiweka zamani kwa kuogopa wezi na kwamba malipo yake yalikwisha muda. Fundi aliyekuwa akisikiliza alitikisa kichwa, akasema, “Iliyokwisha muda haiwaki hivi.” Magari mengi ya biashara huwa na traka, na maelezo yale hayakuwa ya ajabu, kwa hiyo ikarudishwa mahali pake. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ndiyo iliyowaongoza waliokuja kulichukua gari.

Walikuja asubuhi sokoni, mdogo wangu akiwa anashusha magunia. Walikuwa vijana wa dalali wa minada, wakiwa na barua ya maagizo kutoka kwa kampuni ya mikopo, nakala ya kitambulisho cha yule aliyetuuzia, namba ya OB, yaani kitabu cha matukio, ya kituo cha polisi walikopiga ripoti kabla ya kufika, na ufunguo wa pili wa gari letu, ule ule tulioambiwa umepotea. Mdogo wangu aliwatolea logibuku yenye jina lake. Mkubwa wao aliisoma kwa makini, akamrudishia, akamwambia, “Ndugu yangu, hatubishani na logibuku yako. Gari hili liliwekwa dhamana kabla hujalinunua, na deni halijalipwa.”

Jambo moja alilolifanya mdogo wangu pale lilitusaidia sana baadaye. Hakugombana nao. Aliomba amalize kushusha magunia, kisha akadai orodha ya hali ya gari iandikwe mbele yake: gurudumu la akiba, jeki, redio, kilomita zilizosomeka, mikwaruzo iliyokuwapo. Alipiga picha ya orodha hiyo na ya barua yao, akaandika jina la yadi linakopelekwa gari, akanipigia simu. Nimewaona watu wakipoteza haki yao katika dakika kama zile kwa kurusha ngumi au kukimbia na gari, na dalali akapata sababu ya kuwaripoti polisi kama wazuiaji wa kazi halali.

Wakili tuliyemwendea, ambaye si yule wa mkataba, hakuanza kwa kutuuliza habari za logibuku. Aliuliza namba ya kitambulisho cha muuzaji, akaingia katika eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na kufungua Sajili ya Dhamana. Mimi ni mtu wa kusoma, nafuatilia magazeti kila siku, na sikuwa nimewahi kuisikia sajili hiyo. Ilianzishwa na Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, sheria ambayo ilifuta ile ya zamani ya Uhamishaji wa Mali, na inasimamiwa chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Lengo lake ni zuri, na ninalitetea hadi leo: mkulima, mchuuzi au fundi asiye na ardhi aweze kukopa kwa kuweka dhamana ng'ombe, mashine, bidhaa za dukani au gari. Mkopeshaji anaandikisha taarifa fupi inayomtaja mkopaji na mali iliyowekwa dhamana, na tangu hapo haki yake inahesabiwa kuwa imetangazwa kwa ulimwengu mzima, awe mtu ameisoma taarifa hiyo au hajaisoma.

Taarifa ya gari letu ilikuwa humo. Ilisajiliwa miezi kadhaa kabla ya sisi kulijua gari lenyewe, ikiwa na namba ya kitambulisho cha muuzaji, jina la mkopeshaji na namba ya chesisi ile ile tuliyokuwa nayo katika karatasi zetu.

Wakili alitufafanulia mambo mawili ambayo mnunuzi yeyote wa gari angepaswa kuyajua kama anavyojua bei ya petroli. La kwanza, haki ya mkopeshaji hufuata mali. Gari likiuzwa bila idhini yake, haki hiyo haibaki kwa aliyekopa. Inasafiri na gari hadi kwa mnunuzi, na kwa mnunuzi wa mnunuzi. La pili, sheria inamlinda anayenunua katika mwenendo wa kawaida wa biashara ya muuzaji, mathalani anayenunua gari kutoka yadi ambayo kazi yake ni kuuza magari, mradi hajui kwamba mauzo hayo yanavunja haki ya mwingine. Anayenunua kwa mtu binafsi anayeuza gari lake la nyumbani hana kinga hiyo. Nilimuuliza kuhusu Sheria ya Trafiki, inayosema kwamba aliyesajiliwa ndiye mmiliki. Alinikumbusha maneno mengine yaliyomo katika kifungu hicho hicho: isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Isitoshe, mkopeshaji hakuwa akidai kwamba yeye ndiye mmiliki. Alikuwa akidai kulipwa kutokana na gari.

Kilichonisumbua zaidi ni kwa nini taarifa ya NTSA haikuonyesha chochote. Wakopeshaji wengi hapa Kenya, hasa mabenki, hulisajili gari kwa majina mawili, la mkopaji na la mkopeshaji, na mkopo ukiisha jina la mkopeshaji huondolewa. Gari la namna hiyo haliwezi kukudanganya, kwa sababu majina mawili yanasomeka waziwazi katika taarifa. Mkopeshaji wetu hakufanya hivyo. Alitosheka na kuishika logibuku ya asili, kuchukua ufunguo mmoja, kuweka traka na kuandikisha taarifa katika Sajili. Hapo ndipo muuzaji alipopata mwanya. Aliripoti polisi kwamba logibuku imepotea ilhali alijua iko katika kabati la mkopeshaji, akapata nakala mbadala, akauza. Kutoa taarifa ya uongo kwa ofisa wa serikali ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa jingine. Kituo cha polisi kilifungua faili, ingawa kesi ya jinai, hata ikienda vizuri, lengo lake ni kumwadhibu mkosaji, nasi tulihitaji gari kabla wateja wa mdogo wangu hawajahamia kwa wengine.

Tulikwenda kwa mkopeshaji tukiwa na hasira, na nashukuru kwamba wakili alituzuia kuionyesha. Afisa wa mikopo tuliyeketi naye alitusikiliza, akafungua faili, akatuonyesha saini ya muuzaji. Deni lilikuwa limebaki chini ya nusu ya bei tuliyolipia gari, lakini juu yake kulikuwa na riba, faini za kuchelewa, gharama za dalali na malipo ya yadi yanayoongezeka kila siku. Wakili aliomba mchanganuo wa kila kipengele kwa maandishi. Malipo ya madalali wa minada nchini yana viwango vilivyowekwa katika Kanuni za Madalali wa Minada za mwaka 1997, na mchanganuo ulipokuja, sehemu ya gharama zile haikuwa na msingi, ikapunguzwa. Anayeambiwa jumla peke yake hana namna ya kuhoji chochote.

Sheria ile ya 2017 inamruhusu mtu mwenye haki katika mali iliyoshikwa kuikomboa kwa kulipa deni na gharama halali kabla haijauzwa. Tulichagua njia hiyo. Mdogo wangu aliuza ng'ombe wa maziwa, mimi nikaongeza mkopo wangu wa SACCO. Barua iliyoambatana na malipo ilieleza kwamba mnunuzi analipa ili kulinda haki yake, na kwamba anahifadhi haki ya kumdai muuzaji kila shilingi. Tulidai pia, kabla ya kuondoka, barua ya kukiri kwamba deni limekwisha, logibuku ya asili, ufunguo wa pili, na ahadi ya maandishi kwamba taarifa katika Sajili itafutwa. Ahadi hiyo ilibidi ifuatiliwe. Deni linaweza kulipwa lote na taarifa ikaendelea kukaa katika Sajili kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuiondoa, na atakayeuza gari hilo miaka miwili baadaye akaonekana mdanganyifu bila kosa.

Muuzaji tulimshitaki katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, haimlazimu mtu kuwa na wakili, na inatakiwa kuamua shauri ndani ya siku 60. Hoja yetu ilitokana na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, ambayo inachukulia kwamba kila muuzaji, hata asipoandika neno, ameahidi kwamba ana haki ya kuuza, kwamba mnunuzi hatabughudhiwa katika kuitumia mali, na kwamba mali haina mzigo wa mtu mwingine ambao mnunuzi hakuambiwa. Nilitetea dai hilo mwenyewe nikiwa na mkataba, stakabadhi za benki, matokeo ya Sajili na barua ya mkopeshaji. Hukumu ilitupa ushindi. Kuzipata fedha ni habari tofauti: muuzaji aliruhusiwa kulipa kwa awamu, na awamu hizo zimekuja kwa kusuasua.

Siku ya hukumu alinifuata nje akaniambia, “Mwalimu, nilidhani nitalimaliza kabla hawajaja.” Namwamini. Simsamehei uongo wa polisi, lakini naamini kwamba hakupanga tangu mwanzo kutunyang'anya. Alikuwa amebanwa na karo na riba, akaona mnunuzi akisikia neno deni atakimbia, akachagua kulificha. Hofu hiyo wanayo wauzaji wengi, na haina sababu. Gari lenye mkopo linaweza kuuzwa vizuri kabisa, ikiwa fedha za mnunuzi zitapita kwanza kwa mkopeshaji. Kama angetueleza ukweli tukiwa tunapatana bei, tungelipa deni kwa fedha zile zile, yeye akachukua kilichobaki, na ng'ombe wa mdogo wangu angekuwa zizini hadi leo.

Tangu wakati huo jamaa na walimu wenzangu hunipigia simu kabla ya kununua, na huwa nawaambia wasitafute katika Sajili kwa namba ya kitambulisho cha muuzaji peke yake. Ikiwa muuzaji amelimiliki gari kwa muda mfupi, huenda deni liliachwa na aliyemtangulia, na taarifa hiyo iko chini ya namba ya mtu huyo. Ikiwa gari lilikuwa la kampuni, inatafutwa namba ya usajili ya kampuni. Huwaambia pia waombe kuona bima yenyewe, si kibandiko cha kioo tu. Bima kubwa juu ya gari lililochakaa, ambalo mwenyewe angelikatia bima ya mtu wa tatu, mara nyingi imekatwa kwa sharti la mkopo, na katika ukurasa wa maelezo jina la mkopeshaji huandikwa kama mwenye maslahi. Mwalimu mmoja wa hapa kwetu aligundua deni kwa njia hiyo, wakati Sajili ilikuwa bado haina taarifa. Logibuku mbadala, ufunguo mmoja na traka isiyoelezeka, kila kimoja peke yake ni jambo la kawaida. Vikikutana vyote katika gari moja, muuzaji ana maswali ya kujibu mbele ya wakili.

Mwaka 2024 tulinunua gari la pili, safari hii kutoka kwa mama mmoja mstaafu wa Njoro. Alisema mwenyewe, kabla hata ya kutukaribisha chai, kwamba gari lina mkopo wa SACCO yake na kwamba asingependa kutudanganya. Nilimwambia, “Mama, hilo halitutishi, mradi twende pamoja.” Tulikwenda naye ofisini kwao, akaomba taarifa ya salio kwa jina lake, kwa sababu mkopeshaji hawezi kumpa mgeni habari za mteja. Taarifa ilitaja kiasi cha kumaliza mkopo na tarehe ambayo kiasi hicho kingeendelea kuwa sahihi. Mkataba wetu wa pande tatu uligawa bei katika mafungu matatu: la kwanza lililipwa moja kwa moja katika akaunti ya SACCO, la pili kwa mama umiliki ulipohamishwa, na la tatu, dogo zaidi, lilibaki kwa wakili hadi jina la SACCO litoke katika rekodi ya NTSA na taarifa ifutwe katika Sajili. Mama alisitasita juu ya fungu hilo la tatu, akihofia kwamba tungelizungusha, na hofu yake ilikuwa halali. Ndiyo maana lilikaa kwa wakili na si mfukoni mwangu. SACCO iliondoa jina lake mapema, ila kufutwa kwa taarifa katika Sajili kulichelewa hadi mama alipokwenda mwenyewe kuwakumbusha. Wakili alitafuta tena kwa namba ya kitambulisho chake, akaona hakuna taarifa yoyote iliyobaki, akamtumia fedha zake siku hiyo hiyo.